Niliingia kunyooshwa shingo nikatoka nimebebwa: tuongee usalama wa mgonjwa kwa kairoprakta

Kisiki Huru (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuandika nikaufuta kama mara tatu maana kila nikifika katikati hasira zinanipanda, leo naumaliza potelea mbali. Ni mrefu, kama huna muda pita tu.

Miezi kumi na nne iliyopita niliamka shingo inauma upande wa kulia, maumivu yanapanda nyuma ya sikio mpaka kisogoni. Shingo kuniuma si ajabu, kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta kutwa, ila haya yalikuwa ya aina yake, sijawahi kuyasikia kabla, kama mtu ananichoma na msumari wa moto. Nikameza vidonge siku ya kwanza, ya pili, ya nne ikafika bado yapo. Jamaa yangu akaniambia kuna mtaalamu wa kairopraktiki, hawa wanaonyoosha uti wa mgongo kwa mikono, mgongo wake yeye ulipona kwa huyo huyo. Nikaenda.

Mapokezi nikapewa fomu. Ile fomu sitaisahau. Ukurasa mzima wa jina, anwani, bima, nani atalipa, habari zetu umezisikia wapi. Chini kabisa kuna mchoro wa mtu, weka alama panapouma. Nikaweka. Hakuna aliyeniuliza maumivu yameanza lini, kama nimewahi kuwa nayo, kama kichwa nacho kinauma, kama natumia dawa yoyote, presha hawakupima. Nikapigwa eksrei, akanionyesha akasema unaona hapa pingili imetoka kwenye mstari, mimi naona mifupa tu nikaitikia. Akaniuzia vikao kumi na mbili kwa mkupuo kabla hata hajanigusa.

Nikalala chali. Akakishika kichwa kwa mikono miwili, akasema legeza, akakigeuza taratibu kushoto halafu ghafla shingo ikalia kaa kaa kaa. Hakuniambia anafanya nini wala kinaweza kuleta nini wala kwamba naweza kukataa.

Nilipokaa dari ikaanza kuzunguka. Sio kizunguzungu kile cha kuinuka haraka, hapana, chumba kizima kinalala upande kama mtumbwi unaopinduka. Nikatapika. Ikaja kwikwi ambayo haikati, nikitaka kumeza mate yanakwama. Yeye akasema usiwe na hofu ni sumu zinatoka mwilini, mara ya kwanza wengi inawatokea. Nikawekewa taulo bichi usoni chumba cha pembeni na akaendelea na mteja mwingine, nawasikia ukutani kaa kaa kaa. Nimekaa pale dakika hamsini. Mke wangu alipokuja kunichukua ndiye aliyeona kope ya jicho la kulia imeanguka, akauliza mbona uso wako uko hivi, akaita gari la wagonjwa mwenyewe.

Hospitali kipimo cha kwanza cha kichwa hakikuonyesha kitu. Usiku wakapiga kingine cha mishipa, ndio wakaona ateri ya nyuma ya shingo imechanika ukuta wa ndani na damu iliyoganda imeenda kuziba sehemu ya nyuma ya ubongo. Kiharusi. Nina miaka 38.

Siku ya tano niliposaidiwa kuoga kwa mara ya kwanza, maji ya moto upande wa kulia wa mwili nayasikia kabisa, upande wa kushoto sisikii moto wala baridi, nasikia tu kitu kinateleza. Mpaka leo hivyo hivyo. Kabla sijaingia bafuni napima maji kwa mkono wa kulia.

Baadaye nikaomba rekodi zangu kule kwa mtaalamu. Karatasi inasema: "Mgonjwa amevumilia matibabu vizuri. Kizunguzungu kidogo. Ameshauriwa kunywa maji."

Sasa ili mnielewe. Daktari wa mishipa ya fahamu aliniambia wazi inawezekana mshipa ulishaanza kuchanika kabla sijaenda, na yale maumivu ya siku nne ndiyo yalikuwa dalili yenyewe. Kwa hiyo mimi siji hapa kusema yule jamaa alinichana. Ninachosema ni kwamba hakuuliza, hakunieleza, na mambo yalipoharibika hakusimama. Hayo matatu yako mikononi mwake asilimia mia, hayana habari ya bahati mbaya.

Karibuni, na wenye nondo mzishushe.

Mtu wa Pembeni

Pole sana mkuu. Hapo kwenye maji nimesisimka. Naweka kambi.

nesi_wa_zamu

Pole kaka. Nipo kitengo cha kiharusi, ngoja nieleze kwa lugha nyepesi.

Ubongo wa nyuma unalishwa na mishipa miwili inayopanda kupitia kwenye mifupa ya shingo yenyewe. Pingili za shingo zina vitundu pembeni, mshipa unaingia kwenye pingili ya 6 unapanda tundu kwa tundu mpaka ya 1, halafu pale juu unakunja kona kali kabla ya kuingia kwenye fuvu. Na pale pale juu, kati ya pingili ya 1 na ya 2, ndipo karibu nusu ya mgeuko wote wa shingo unapotokea. Kwa hiyo ukizungusha kichwa kwa nguvu na kwa ghafla, kinachovutwa zaidi ni ile kona. Utando wa ndani ukipasuka damu inajipenyeza ndani ya ukuta wa mshipa, inaganda, kipande kikikatika kinapanda juu.

Alivyoeleza mleta uzi, kope kuanguka upande mmoja, joto kupotea upande wa pili wa mwili, kumeza kwa shida na ile kwikwi, ni picha ya kiharusi cha pembeni ya shina la ubongo, inaitwa sindromu ya Wallenberg. Kwikwi watu wanaicheka ila kwetu wodini kwikwi isiyokata kwa mtu mwenye kizunguzungu inatuinua kwenye kiti.

Kuhusu nani wa kulaumiwa, hapo wataalamu wenyewe wanavutana. Kuna utafiti wa Ontario, Kanada, wa mwaka 2008, waliangalia viharusi 818 vya aina hii wakakuta wagonjwa walikuwa wamepita kwa kairoprakta kabla, lakini pia walikuwa wamepita kwa madaktari wa kawaida kwa kiwango kinachokaribiana. Maana yake mtu ambaye mshipa umeshachanika anaumwa shingo, na anayeumwa shingo anatafuta msaada popote. Mwaka 2014 chama cha magonjwa ya moyo cha Marekani kikatoa tamko kwamba uhusiano upo, chanzo hakijathibitishwa, ila mgonjwa aambiwe kabla shingo yake haijaguswa. Tukio lenyewe ni nadra.

Babu Kifimbo

Pole kijana lakini tusichome nyumba kisa panya. Mimi mgongo wa chini ulikuwa unaniweka kitandani wiki nzima, miaka sita sasa naenda kwa kairoprakta natembea kama kijana. Hizo dawa za maumivu mnazoshangilia zimetoboa matumbo ya watu wangapi, mbona hakuna anayefungua uzi? Hata madaktari bingwa wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2017 wameweka kunyooshwa mgongo kwenye vitu vya kujaribu kwanza kabla ya dawa. Kila tiba ina hatari.

Kisiki Huru

Mzee wangu shikamoo. Sina ugomvi na mgongo wako wa chini, na huo mwongozo ni wa mgongo wa chini hasa, shingo ni habari nyingine kabisa. Na kama kila tiba ina hatari, mbona ya kwangu sikuambiwa? Kikaratasi cha vidonge kimeandika kabisa vinaweza kutoboa tumbo, mimi nilikisoma.

Babu Kifimbo

Marahaba. Hapo kwenye kuambiwa sina ubishi.

nesi_wa_zamu

Babu nikuongezee moja kwenye huo mgongo wa chini. Siku ukisikia ganzi sehemu zile unazokalia, au mkojo unagoma kutoka, au miguu yote miwili inalegea, usiende kunyooshwa, nenda dharura siku hiyo hiyo. Diski inaweza kuwa imekandamiza fungu la neva pale chini na saa zikipita mkojo haurudi tena kawaida. Watu wanaona aibu kuisema hiyo ya mkojo.

mikono_yangu

Najua nitapigwa mawe ila naingia. Mimi ni kairoprakta, mwaka wa 11 kazini.

Mleta uzi, nimeisoma fomu yako nikaona aibu. Maumivu mapya ya shingo na kisogo, upande mmoja, ambayo mtu hajawahi kuyapata maishani, kwa mtu chini ya miaka 45, hiyo ni kengele ya kwanza tunayofundishwa darasani. Unamuuliza yameanzaje, uliinua mzigo, ulipata ajali, ulikuwa na mafua makali, unaona kimoja kimoja au viwili viwili, ulimi mzito, kumeza vipi, ganzi usoni. Unapima presha. Jibu likikutia wasiwasi unaweka mikono mfukoni unaandika barua ya rufaa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo na usalama wa hii kazi mwaka 2005, kuna sehemu nzima ya nani usimguse. Si siri ya mtu.

Mambo mengine ambayo wenzangu hawapendi niyaseme. Hakuna sumu inayotoka. Hiyo sumu ni maneno ya kufunika jambo. Mtu akitapika na kuona chumba kinazunguka baada ya kunyooshwa shingo huyo ni wa gari la wagonjwa mpaka ithibitike vingine, na HUMNYOOSHI TENA, maana wapo wanaorudia wakidhani wanarekebisha.

Ya pili ule mlio. Watu wanaangalia video YouTube wanadhani kaa maana yake mfupa umerudi mahali pake. Ule ni gesi ndani ya maji ya kiungo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta walivuta viungo vya vidole ndani ya mashine ya MRI wakaona tundu la gesi linatokea pale pale kiungo kinapolia. Hakuna pingili inayorudi nyumbani.

Ya tatu, kuna kale kajaribio ka kumgeuza mtu kichwa na kukishikilia uone kama atasikia kizunguzungu, wengi wanajifariji nako. Hakakamati. Mtu anakapita vizuri na mshipa wake umechanika.

Mimi ile ya kuzungusha shingo kwa ghafla nimeiacha miaka minne sasa. Natumia kusogeza taratibu ndani ya mwendo wa kawaida na mazoezi. Wateja wawili watatu wamenikimbia kwa sababu hawasikii kaa. Sawa tu.

Kipepeo77

@mikono_yangu heshima kwako. Swali la kijinga, nikiwa pale kitandani naweza kusema shingo usiguse, nyoosha mgongo tu?

mikono_yangu

Si la kijinga na jibu ni ndiyo. Iseme kabla hujalala, umekaa, mnaangaliana. Akikununia vaa viatu.

Mpenda Kale

Natoka nje ya mada kidogo mnisamehe. Mnajua hii kitu ilivyoanza? Davenport, Iowa, Septemba 1895, bwana D. D. Palmer, mponyaji wa kutumia sumaku, akamshika mfagizi wa jengo aitwaye Harvey Lillard ambaye alikuwa hasikii vizuri, akasukuma pingili moja ya mgongo akadai usikivu umerudi. Shida ni kwamba neva ya kusikia haipiti mgongoni hata kidogo, inaanzia sikioni inaishia kwenye ubongo, yote ndani ya fuvu. Mwaka 1906 Palmer akawekwa ndani kwa kutibu bila leseni. Ndio maana mpaka leo utasikia mtu anakwambia pingili ikikaa sawa na pumu inapona.

Mama Tumaini

Jamani mimi nina mtoto wa wiki saba analia jioni mpaka usiku, tumbo linamsokota. Kuna mtu amenishauri nimpeleke akanyooshwe mgongo, anasema wanatumia kidole kimoja tu. Nimeogopa baada ya huu uzi.

nesi_wa_zamu

Mama Tumaini usimpeleke, mpeleke kwa daktari wa watoto ahakikishe anaongezeka uzito na hana homa. Kulia huko kwa wengi kunapungua kwenyewe wakifika miezi mitatu minne, ndiyo maana kila aliyemfanyia mtoto chochote anaapa kilimsaidia.

Australia ilisambaa video ya mtoto wa wiki mbili ananing'inizwa kichwa chini na kairoprakta, watu wakawaka, na mwaka 2019 bodi yao ya kairopraktiki ikatoa sera ya muda kwamba watoto chini ya miaka 12 wasinyooshwe uti wa mgongo kwanza. Kichanga shingo yenyewe haijashika kichwa.

Mpenda Kale

Na Uingereza mwandishi wa sayansi Simon Singh aliandika gazetini mwaka 2008 kwamba madai ya kutibu watoto kulia, pumu na masikio hayana ushahidi, chama cha makairoprakta kikampeleka mahakamani kwa kumchafulia jina. Amehangaika miaka miwili. 2010 mahakama ya rufaa ikamkubalia hoja yake na wale wakaondoa kesi wenyewe. Kelele zake zilichangia mpaka sheria ya kashfa ikabadilishwa 2013.

Wakili Mchovu

Niingie kwa upande wangu. Mleta uzi, uzembe wa kitabibu karibu kila mahali una miguu minne, alikuwa na wajibu kwako, akauvunja, kuvunja huko kukasababisha, na madhara yapo. Wajibu na madhara huna shida. Kuvunja, ile fomu na ile karatasi ya rekodi vinakutosha kuanzia, mtaalamu wa fani hiyo hiyo atakuja kusema mwenye akili zake angeuliza nini. Mguu unaochechemea ni wa tatu. Watakuja na utafiti wa Ontario aliosema nesi, watasema mshipa ulishachanika ulipokuwa umelala nyumbani kwako.

Sasa sikiliza. Kila mtu anakimbilia ile kaa, mimi ningeangalia zaidi DAKIKA HAMSINI. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye kiharusi ina dirisha lake, saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Hata kama mshipa ulichanika kwenye mto wako wa kulalia, aliyekuwa na wewe dalili zilipotokea ni yeye, na alikuwekea taulo. Hiyo hoja haihitaji kujua nani alichana. Muulize daktari wako saa ngapi ulifika, na kama ungefika mapema zaidi kingebadilika nini.

Na kama ulitia saini kwenye ile fomu ya mapokezi usiogope. Uingereza kesi ya Montgomery ya mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema mgonjwa aambiwe hatari yoyote ambayo mtu wa kawaida kwenye nafasi yake angeona ina uzito, na aambiwe njia mbadala zilizopo. Saini chini ya fomu ya bima haijamwambia mtu kitu.

Halafu msichanganye mambo mawili. Malalamiko kwa chombo kinachosimamia taaluma, pale Uingereza kwa mfano kuna baraza lililoundwa na sheria ya 1994, yanaweza kumsimamisha mtu au kumfuta kwenye orodha, lakini hawakupi fidia hata senti. Fidia ni madai mahakamani au kwa bima yake. Unaweza kufanya yote mawili, ila muda wa madai una kikomo, kule England kwa kawaida ni miaka 3. Uliza kikomo cha kwenu mapema, wewe umeshakula mwaka na zaidi.

Kijana wa Zege

Baba yangu ana miaka 74, mifupa imeshaambiwa ni myepesi, na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Anapenda sana kunyooshwa anasema anapumua vizuri. Nimzuie?

mikono_yangu

Mzuie na umwambie mtaalamu wake mambo yote mawili, mifupa na dawa. Kama anayajua na bado anambana kwa nguvu, badilisha mtu.

Wakili Mchovu

Kijana wa Zege, mwaka 2017 mjini York, Uingereza, mzee wa miaka 80 alikwenda kwa maumivu ya mguu. Uti wake ulikuwa umeshakauka na kushikana kwa umri, pale kitandani shingo ikavunjika, mikono na miguu haifanyi kazi tena, akafa hospitalini. Kwenye uchunguzi wa kifo mwaka 2019 mchunguzi alitaka baraza liangalie habari ya kupiga picha kabla ya tiba na ya makairoprakta kufundishwa huduma ya kwanza. Mguu ndio uliompeleka, narudia.

Kijana wa Zege

Dah. Nimempigia sasa hivi. Amenikatia simu lakini amesikia.

Kisiki Huru

Nimerudi wakuu, nilikuwa kwenye mazoezi ya kumeza (ndiyo, kumeza kuna mazoezi, unafundishwa upya ukiwa na ndevu).

Wakili umenifungua macho, muda wote nilikuwa napigana na ile kaa. Nimeangalia karatasi za hospitali, gari la wagonjwa limeandikwa saa kumi na dakika ishirini, na stakabadhi yangu ya malipo kule ina muda wake, saa tisa na dakika tano, nililipa kabla ya kulala kitandani. Stakabadhi ipo, mke wangu aliiweka kwenye droo na mambo ya bima. Nimeipiga picha pande zote mbili.

mikono_yangu, ujumbe wako nimemsomea mke wangu kwa sauti. Alinyamaza muda halafu akasema kumbe wanajua.

Kipepeo77

Mkuu, na vile vikao ulivyolipia ukavitumia kimoja, hela ulirudishiwa?

Kisiki Huru

Bado. Wiki iliyopita wamenitumia ujumbe kwenye simu, nina vikao 11 vimebaki na vinakaribia kuisha muda wake.